Thuluthi Mbili za Robo Tatu

Wizara ya Elimu ya Kenya ilipotangaza mwaka 2025 kwamba hisabati itaendelea kuwa somo la lazima hadi sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, nzito kwa wanaoelekea sayansi na uhandisi, nyepesi kidogo kwa wa sanaa, michezo na sayansi ya jamii, mabishano yalianza siku hiyo hiyo na hayajapoa. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi likaingia Gredi ya 10, na hapa Kisumu kila nikikaa na wazazi wenzangu swali ni lile lile: mtoto anayetaka kuimba au kuchora, hesabu ni za nini? Mimi naona tunabishana mahali pasipo na ugonjwa. Mtoto anayetetemeka mbele ya aljebra akiwa Gredi ya 10 hakuanza kutetemeka mwaka huu. Aliachwa nyuma siku nyingi, kati ya Gredi ya 4 na ya 6, mwalimu alipoandika ubaoni tarakimu moja juu ya nyingine, akachora mstari katikati na kusonga mbele.

Wakati huo huo simu zetu zimejaa picha za watoto jikoni. Huyu amevaa aproni ya mama anasukuma chapati, yule ameshika karai la mandazi, na chini ya picha mzazi ameandika kwamba kazi ya nyumbani imekamilika. Kuna wanaozitazama picha hizo na kusema shule zimeacha kufundisha. Kuna wanaozishangilia wakiamini kwamba mtoto akipima unga, basi akisami, yaani sehemu za kizima kama nusu na robo, zimemwingia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na upande wa pili ndio unaonisumbua zaidi kwa sababu mimi mwenyewe niko karibu nao. Kupika peke yake hakumfundishi mtoto akisami. Kinachomfundisha ni kulazimika kukibadilisha kipimo cha chakula kile kile kwa idadi nyingine ya walaji, na kuiandika hesabu kabla mkono haujagusa unga. Picha ya mandazi haina hesabu hiyo. Mara nyingi hata jiko lenyewe halina, mpaka mtu mzima aliyepo ailete.

Kwa nini akisami, wala si kujumlisha au majedwali ya kuzidisha? Mwaka 2012 mtafiti Robert Siegler na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba ujuzi wa akisami na wa kugawanya alio nao mtoto wa takribani miaka 10 unatabiri vizuri aljebra na hisabati yake ya sekondari, hata baada ya kuzingatia mapato ya familia, elimu ya wazazi na uwezo wa mtoto katika mambo mengine. Mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kukueleza sababu. Mpaka kufikia akisami, mtoto ameishi katika ulimwengu wa namba kamili ambamo kuzidisha hukuza, kugawanya hupunguza, na nane siku zote ni kubwa kuliko nne. Ghafla anaambiwa kwamba thumni ni ndogo kuliko robo, kwamba nusu ikizidishwa kwa nusu inapungua, na kwamba nusu ikigawanywa kwa robo jibu ni mbili. Kila alichokiamini kimepinduka. Asipopata mahali pa kuyaona mambo haya kwa macho, anabaki na njia moja tu, kukariri, na kilichokaririwa bila maana hakifiki Gredi ya 10.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa katika mjadala huu. Katika somo la Kiswahili watoto wetu hukariri orodha ya akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Wanaiimba vizuri, wanaulizwa kwenye mtihani, wanapata alama. Kipindi kinachofuata wanafundishwa akisami zile zile kwa Kiingereza, na robo tatu inageuka kuwa tatu juu ya nne, namba mbili zilizopandana kama abiria wa bodaboda. Hakuna anayewaambia kwamba ni kitu kimoja. Ilhali jina la Kiswahili linabeba maana yote: kuna kitu kinaitwa robo, nacho kiko mara tatu. Mtoto wa Kondele anayetumwa dukani kununua sukari robo, anayejua saa tatu kasorobo ni saa ngapi, tayari anajua kwamba kizima ukikitoa robo kinabaki robo tatu. Anaijua bila kujua kwamba anaijua, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba kasorobo ya saa na hesabu ya daftarini ni ndugu.

Nitaleta kisa kimoja cha nyumbani, kwa kuwa ndicho kilichonionyesha mpaka wa jambo hili. Binti wa kaka yangu, yuko Gredi ya 5, alikuja kwangu na kazi ya kupika mandazi. Mapishi yetu ni ya mandazi 24: unga vikombe vitano, maziwa kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki na chumvi kwa kukadiria. Nikamwambia leo tunataka 16 tu. Akafikiri kidogo, akasema, “Shangazi, tumepunguza, kwa hiyo tutoe kikombe kimoja kimoja.” Akatoa kimoja kwenye unga, akabaki na vinne. Akatoa kimoja kwenye maziwa, ikabaki nusu. Alipofika kwenye sukari akanyamaza. Robo tatu huwezi kuitoa kikombe kizima. Akaniangalia, kisha akayatazama maziwa yake, nusu kikombe kwa vikombe vinne vya unga, akasema mwenyewe kwamba unga huo hautashikana.

Hapo ndipo nilipoona jiko linaweza nini ambacho ubao hauwezi. Kosa lake si la uvivu. Ndilo kosa linalowashika watoto wengi wanapoingia katika uwiano: wanafikiri kwa kujumlisha na kutoa pale panapotakiwa kuzidisha na kugawanya. Kwenye daftari kosa hilo linaweza kuishi mwaka mzima, likipewa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kurudi kesho yake. Jikoni lilikufa kwa dakika moja, kwa kuwa sukari ilikataa. Lakini tazama pia ni kitu gani kililiua. Si kupika, maana unga ulikuwa bado mfukoni. Ni swali la 16 badala ya 24. Lau ningemwachia apike mandazi 24 kama karatasi ya shule ilivyotaka, angepima vizuri, picha ingependeza, na dhana ile mbovu angeondoka nayo salama.

Tukaendelea. Kipimo chetu kilikuwa glasi ya plastiki iliyonyooka toka chini hadi juu. Hilo ni muhimu, kwa sababu kikombe chenye tumbo kinadanganya, nusu ya kimo chake si nusu ya ujazo wake. Tuliipima kwa rula, kina chake kikawa sentimita 12. Akaweka alama kwa kalamu: thuluthi kwenye 4 na 8, robo kwenye 3, 6 na 9. Sasa sukari. Robo tatu inafika kwenye 9. Tunataka thuluthi mbili za hiyo, kwa kuwa 16 ni thuluthi mbili za 24. Nilikuwa najiandaa kumweleza, akanitangulia: “Robo ziko tatu, tunachukua mbili.” Robo mbili ni nusu, na kidole chake kikatua kwenye 6. Hakuna aliyezidisha juu kwa juu na chini kwa chini, hakuna aliyerahisisha. Baadaye tulipoiandika kwa njia ya shule tukapata sita juu ya kumi na mbili, akaitazama ile 12 na kuuliza kama ni zile sentimita za glasi. Walimu wanaohangaika kueleza kwa nini thuluthi na robo hukutana kwenye kumi na mbili watajua kwa nini swali hilo lilinifurahisha. Hamira ikawa kijiko kimoja, maziwa kikombe kimoja, na unga vikombe vitatu na thuluthi, na hiyo thuluthi iliyobaki ndiyo iliyomfanya azihitaji alama zake za 4 na 8.

Sasa nije kwenye hoja nzito dhidi yangu, na siitoi kwa ajili ya kuipiga teke. Inatoka kwa watafiti wenyewe. Jean Lave, Mmarekani aliyechunguza jinsi watu wazima wanavyotumia hesabu katika maisha, alisimulia kisa cha mtu wa California aliyekuwa akipunguza uzito na aliyepewa mlo wa jibini laini: achukue robo tatu ya kiasi cha thuluthi mbili za kikombe. Hesabu ile ile ya sukari yetu, imegeuzwa tu upande. Yule bwana alijaza thuluthi mbili kwenye kikombe, akaimwaga kwenye ubao wa kukatia, akaitandaza duara, akaichora msalaba, akaondoa kipande kimoja katika vinne. Vitatu vilivyobaki ndivyo akavipakua. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, lakini hakulihakiki kwa kalamu na karatasi, ambako angeona kwamba alichokuwa anatafuta ni nusu kikombe. Jiko lilimtatulia tatizo bila kumpa hisabati. Mfano wa pili unauma zaidi. Mwaka 1985 Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao wa watoto watano waliokuwa wakichuuza barabarani na sokoni mjini Recife, Brazil. Walipoulizwa hesabu za bei pale pale kwenye biashara, majibu yao yalikuwa sahihi kwa takribani asilimia 98. Walipopewa hesabu hizo hizo kwenye karatasi, bila bidhaa wala mteja, usahihi ulishuka hadi takribani asilimia 37.

Ukipita soko la Kibuye siku ya Jumapili utawaona watoto wa aina hiyo kwetu. Wanapima mahindi kwa gorogoro, mkebe unaobeba takribani kilo mbili, wanauza nusu yake, wanarudisha chenji bila kukosea, na Jumatatu wanapata mbili kwa kumi. Kwa hiyo anayesema “mtoto apike tu, hisabati itakuja yenyewe” ana ushahidi dhidi yake. Elimu ya mkononi haivuki daraja kwenda daftarini kwa hiari yake. Mtu lazima aivushe. Hata hivyo sioni kwamba tafiti hizi zinatufukuza jikoni. Kilichokosekana kwa yule bwana wa jibini si jiko. Hakuna aliyemwambia aandike, wala hakuna aliyemuuliza kama kuna njia fupi zaidi. Hapo ndipo ninapotofautiana na namna kazi hizi zinavyotolewa sasa: shule inadai ushahidi kwamba mtoto alipika, haidai ushahidi kwamba mtoto alikokotoa. Binti wa kaka yangu angekuwa ametandaza sukari mezani na kuigawa, angepata mandazi mazuri tu. Kalamu na zile alama za glasi ndizo zilizomvusha.

Hoja nyingine ninayoikubali karibu yote ni ya umaskini. Kuna nyumba Nyalenda, na kuna nyumba Kaptembwa kule Nakuru, ambako mafuta hununuliwa ya kupima ya shilingi kumi na unga wa ngano ni wa sikukuu. Kumwambia mzazi wa nyumba hiyo alete vikombe vitano vya unga, maziwa na sukari ili mtoto apate alama ni kumtesa, na walimu wanaofanya hivyo waache. Lakini hesabu ninayoitetea haihitaji mandazi. Inahitaji chochote kinachopikwa leo. Chukua unga wa uji unaochanganywa kabla ya kupelekwa kwenye kisiagi, mahindi gorogoro mbili, mtama moja, wimbi nusu. Mwezi huu mahindi yaliyopo ni gorogoro moja na nusu tu. Mtama uwe kiasi gani ili uji usibadilike ladha? Mahindi yamebaki robo tatu ya kawaida yake, basi mtama nao robo tatu ya gorogoro. Wimbi ni robo tatu ya nusu, yaani thumni tatu, na hapo lile neno la kukariri limepata kazi kwa mara ya kwanza. Mama aliyechanganya nafaka miaka ishirini atajaza kidogo chini ya nusu kwa jicho na atakuwa sawa. Mtoto akiiandika atajua kwa nini mama yuko sawa. Kama nafaka haipo, maji ya kupikia kwenye glasi yatatosha, na yatarudi kwenye sufuria. Tena wanaonunua vitu robo robo wana swali ambalo aliyenunua pakiti kubwa hana: robo nne za sukari zilizonunuliwa siku nne tofauti zimegharimu kiasi gani zaidi ya kilo moja? Hilo si zoezi la kubuni. Ni pesa ya nyumba.

Wapo wanaosema jikoni ni mahali pa wasichana na kwamba kazi hizi zitawaacha wavulana nje. Siwapi nafasi kubwa. Wapishi wa vibanda vya nyama choma na samaki kule Dunga, na wanaokanda unga wa chapati kwenye hoteli nyingi za mji huu, ni wanaume, na wanajua fika kwamba wateja hamsini si wateja thelathini.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa zaidi: sisi tulisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4 bila sufuria wala picha, tukapita, sasa kuna haja gani? Nimejaribu jambo dogo na watu wazima kadhaa wa rika langu, wote walipita mitihani. Nawauliza nusu gawanya kwa robo ni ngapi. Wengi wanakumbuka: geuza ya pili, zidisha, jibu mbili. Kisha nauliza kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko namba zote mbili tulizoanza nazo. Kimya. Mtu amebeba kanuni hiyo miaka thelathini kama funguo ya nyumba aliyohama. Mwulize sasa kwa njia ya jikoni: una nusu kilo ya unga, kila kanda moja inataka robo, utakanda mara ngapi? Mara mbili, anajibu kabla hujamaliza. Ndiyo hesabu ile ile. Kwamba tulipita bila kuelewa si hoja ya kuwanyima watoto kuelewa. Na wengi wetu hatukupita, ila wale hawaitwi kutoa ushuhuda katika mijadala hii.

Jiko lina faida nyingine ambayo vitabu vya hisabati huwa haviigusi, nayo ni kuonyesha uwiano unaishia wapi. Ukiongeza ugali mara mbili, maji na unga vinaongezeka mara mbili, lakini muda hauongezeki mara mbili. Mafuta ya kukaangia hufuata upana na kina cha karai, hayafuati idadi ya mandazi. Yai moja haligawanyiki thuluthi bila kulipiga kwanza kwenye bakuli. Chumvi wapishi huiongeza kwa kuonja. Mtoto anayetambua kwamba unga unafuata uwiano na muda haufuati amefika mbali katika hisabati kuliko anayezidisha kila kitu kwa mbili kwa kuwa swali limesema mara mbili. Maswali ya mtihani yamemzoesha kwamba kila namba iliyo kwenye swali lazima itumike. Jiko linamwuliza kwanza: hii namba inahusika?

Ndiyo maana ningependa mabishano ya Gredi ya 10 yashuke ngazi. Tukiendelea kubishana kama mwanamuziki anahitaji hisabati, tutagawanya watoto katika mikondo kwa kigezo ambacho wengi wao hawakukichagua. Mtoto anayekimbia sayansi akiwa na miaka 15 mara nyingi hakimbii sayansi, anakimbia ule mstari kati ya tarakimu mbili alioukuta akiwa na miaka 10. Hisabati nyepesi ya sekondari pevu, ambayo inatakiwa kumsaidia katika bajeti, mikopo na bei, imejengwa juu ya asilimia na uwiano, na vyote viwili ni akisami zilizovaa nguo nyingine. Mwanamuziki naye, kwa taarifa ya wanaomtumia kama mfano, hugawanya mapigo nusu, robo na thumni siku nzima.

Kwa mwalimu wa Gredi ya 4 au ya 5, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, mabadiliko ninayoyaomba ni madogo. Kazi ya nyumbani iseme hivi: chochote kitakachopikwa kwenu leo, muulize anayepika anatumia kiasi gani kwa watu wangapi, uandike. Kisha wageni wawili wamebisha hodi. Andika kila kipimo kitakuwa kiasi gani, kwa akisami za Kiswahili na kwa tarakimu, na useme ni kitu gani ambacho hakitabadilika na kwa nini. Kama umekosea njiani usifute, acha kosa lionekane na uandike lilikukwamisha wapi. Kazi hiyo inaenea nusu ukurasa wa daftari na haihitaji simu. Asubuhi mwalimu akiyafungua madaftari atakuta familia arobaini zenye idadi tofauti, nyumba ya watu watatu na nyumba ya watu tisa, na kwa nyingi hesabu haitagawanyika sawasawa. Nyumba ya watatu imeongezeka kwa thuluthi mbili, ya tisa kwa tusui mbili, na wote wamepokea wageni wale wale wawili. Aanze somo hapo, kwa kuwaita mbele watoto wa nyumba hizo mbili na kuliuliza darasa ni nani aliyeongeza zaidi.